Fremu ya Kumi na Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera. Nilipewa kopo la mchele. Mwenye Studio alilifungua mbele yangu, akachimba kwa vidole, akatoa kamera iliyoviringishwa kitambaa cheupe, akapuliza chembe za mchele na kuniambia, "Mchele huu haupikwi. Siku ukiupika, umekula kamera." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ifakara ni bondeni. Mvua zikishika, viatu huota ukungu chini ya kitanda, na kamera huota ukungu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, mpaka sura za watu zinatoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Mchele mkavu hunyonya unyevu. Kazi yangu ya miezi ya kwanza, mimi niliyeishia darasa la saba, ilikuwa kuanika mchele ule juani kila Jumatatu na kufukuza kuku.

Tulikuwa watu watatu. Mwenye Studio alipokea wateja na kuzungumza na wakubwa. Fundi Mkuu, mtu mwembamba wa upande wa Mahenge, alikuwa bwana wa chumba cha giza, chumba kisicho na dirisha ambamo filamu husafishwa. Kusafisha filamu si kuondoa uchafu. Ni kuitia katika dawa mpaka kile ilichokiona kijitokeze. Mimi nilikuwa mtu wa kopo.

Kamera yenyewe ilikuwa ya mkono wa pili tangu siku hiyo. Mwenye Studio aliinunua kwa bruda mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Sisi tuliiita kamera ya macho mawili: jicho la juu ni la kutazamia, jicho la chini ndilo linalopiga. Huiweki usoni. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa, unamtazama mtu katika kioo kilicho juu yake, na kioo hicho kinageuza, mtu akienda kulia unamwona anakwenda kushoto. Fundi Mkuu aliniambia, "Huyo unayemwona kwenye kioo ni kivuli. Mtu mwenyewe anaingia kwa jicho la chini, na huyo hutamwona mpaka umsafishe."

Filamu yake ilikuwa pana, karibu vidole vinne, imezungushiwa karatasi nyeusi nyuma, nayo ilitoa picha kumi na mbili za mraba. Kila picha tuliiita fremu. Mgongoni mwa kamera palikuwa na kidirisha chekundu; ukikifunua unasoma namba ya fremu uliyosimama. Na hapa naomba msomaji ashike jambo moja, maana ndipo habari yangu yote iliponing'inia. Kamera zilizokuja baadaye, ukishapiga, hazikubali kupiga tena mpaka usogeze filamu. Yetu haikuwa na kizuizi hicho. Ungeweza kubonyeza mara kumi juu ya fremu ile ile, nayo ingewapokea wote kumi, mmoja juu ya mwingine. Kwa hiyo sheria ya Fundi Mkuu ilikuwa fupi: "Piga, zungusha. Usivute hata pumzi katikati."

Isipokuwa msibani. Kitufe cha kuzungushia filamu kilikuwa kinalia, kri, kri, kri. Fundi Mkuu alisema siku moja mama mfiwa aliisikia sauti ile akadhani inatoka ndani ya jeneza, na watu wakaanza kulifungua upya. Tangu hapo, mbele ya maiti tulipiga tu. Kuzungusha tulikwenda kuzungushia nje ya ua.

Nayaandika haya kwa sababu siku hizi wapo vijana wanaozitafuta tena kamera hizi, na wakizipata wananijia kuniuliza. Lakini nayaandika pia kwa sababu nyingine, na ni haki niiseme mapema. Nimepiga picha za watu wa bonde hili zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sikuwa na picha ya mke wangu. Adelina nilimzika mvua zilizopita. Picha yake moja tu niliwahi kuipiga, nayo ilikuwa imetundikwa ukutani kwa watu wengine, kijiji cha Kiberege, wakiamini ni ya mzimu.

Kiberege ndiko nilikotumwa peke yangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefariki bibi mmoja, Bibi Matilda. Wakati ule familia ambayo haikuwa na picha ya mtu wao ilimwita mpiga picha kabla jeneza halijafungwa. Tuliiita picha ya mwisho, ingawa kwa wengi ilikuwa ndiyo ya kwanza. Binti yake, Sabina, mwanamke aliyenizidi umri kidogo, alinipokea mlangoni.

"Mpiga picha, mama hajawahi kupigwa picha hata moja. Tusipompata leo, ndiyo basi."

"Tutampata, dada."

Nilipiga fremu kumi na moja za ndugu, wazee na akina mama wa kwaya. Ya kumi na mbili niliiweka kwa ajili ya Bibi peke yake. Jeneza lilikuwa juu ya viti viwili chini ya turubai. Kivuli kilikuwa kizito, nikalazimika kufungua lenzi kwa muda mrefu, karibu nusu ya sekunde, nikiwa nimebana pumzi. Nilibonyeza. Kisha nikatoka nje ya ua ili nikazungushe, kama nilivyofundishwa.

Sikufika mbali. Mzee mmoja alinishika mkono. "We kijana mwenye nguvu unakwenda wapi? Lete bega." Jeneza lilikuwa linatoka, na makaburi yalikuwa ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Nikaitupia kamera mgongoni, nikaingia chini ya jeneza. Tulitembea kwenye matuta yanayoteleza, wengine wakiingia majini mpaka magotini. Tulipomaliza tulinawa, tukala ugali, nikapata lori la kunirudisha Ifakara. Kule kuzungusha kulikuwa kumetoka kabisa kichwani mwangu.

Kesho yake mchana nilikuwa nyumbani. Mimi na Adelina tulikuwa na miezi minne ya ndoa. Fundi Mkuu alikuwa na utaratibu kwamba fremu ya mwisho ikibaki, mpiga picha anaweza kuitumia atakavyo. Nikafunua kidirisha chekundu, nikasoma kumi na mbili. Nikafurahi. Nilidhani imebaki.

Nilimkalisha kwenye kigoda mlangoni, nyuma yake giza la ndani. Nikainama kwenye kioo.

"Sasa unanipiga picha au unatafuta chawa tumboni mwako?" aliniuliza.

"Tulia. Ukicheka utatoka na meno mawili mawili."

"Nitazame wapi?"

"Nitazame mimi."

Akanitazama. Nakumbuka vizuri kwamba alinitazama. Nikabonyeza, nikazungusha filamu mpaka mwisho, nikaipeleka kazini.

Katika chumba cha giza karatasi ya picha huwekwa kwenye trei ya dawa chini ya taa nyekundu, na sura huja polepole, kwanza yale meusi, kisha kijivu. Siku hiyo lilitangulia giza la mlango wangu, likafuata jeneza, likafuata sanda ya Bibi Matilda na uso wake. Halafu ukingoni mwa jeneza akaanza kujitokeza mtu aliyeketi. Mbao zilionekana kupitia magoti yake. Mkono wake ulikuwa juu ya mikono ya marehemu.

Fundi Mkuu aliacha kutikisa trei. "Nani huyu?"

"Mke wangu."

"Alikuwa msibani?"

"Hapana."

"Hukuzungusha," alisema. Akaichukua filamu yenyewe, akaiweka juu ya kioo chenye taa, akaichungulia kwa lenzi ya kukuzia. "Ulimwambia atazame wapi?"

"Anitazame mimi."

Akanipisha. Macho ya Adelina hayakuwa kwangu. Yalikuwa yameinamishwa, yanatazama uso wa Bibi Matilda. Fundi Mkuu alisema labda shata, yaani ule mlango mdogo wa lenzi unaofunguka na kufunga, ilichelewa na mtu akapepesa. Alilisema hilo mara mbili. Kisha akaitundika picha kwenye kamba ikauke.

Mwenye Studio aliamua kwamba familia iambiwe fremu ile imeungua. Lakini Sabina alifika mapema kuliko tulivyomtarajia, mlango ulikuwa wazi, na picha ilikuwa kwenye kamba. Alisimama mbele yake muda mrefu. Mwenye Studio alikohoa na kuanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimepangika.

"Huyu mama ni nani?" Sabina aliuliza. Akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Ulimwona pale?"

Nikasema, "Sikumwona."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu nimelibeba miaka yote hii. Sikusema neno la uongo, ila nilijua anachokisikia. Sabina alilia, lakini uso wake ulikuwa umefunguka. "Basi mama hakwenda peke yake," alisema. Aliichukua picha akaifunga kwenye kanga. Alipoondoka Mwenye Studio aliniambia, "Umejibu vizuri. Wameondoka na faraja. Ukiwaambia kweli utawanyang'anya mama yao mara ya pili."

Mavuno yaliyofuata Adelina alikwenda gulio la Kiberege kutafuta mbegu za mahindi. Alirudi mapema, kikapu kitupu, akakaa kwenye kigoda kile kile cha mlangoni. Alinieleza kwamba watu walianza kumpisha njia. Mwanamke mmoja aliacha mizani yake na nafaka ikamwagika. Kisha akaja mwingine, akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akamwuliza taratibu, "Leo umemfuata nani?"

Huyo alikuwa Sabina. Wiki ile ile mzee mmoja wa Kiberege akafariki, kwa uzee wake, na watu wakahesabu siku.

"Nenda ukawaambie," Adelina alisema.

"Nitakwenda."

Sikwenda. Niliogopa aibu, niliogopa kufukuzwa kazi, na kila mwezi uliopita ulilifanya neno lile kuwa gumu zaidi kulisema. Adelina hakupita tena Kiberege. Akitaka kwenda njia ya Kidatu alipanda treni. Na hakukubali tena kupigwa picha. Nikishika kamera aligeuka. "Moja inatosha," alisema. "Bado sijatoka kwenye ile."

Baadaye nilipata kazi Chita, kambini, kupiga picha za vijana wa mafunzo kwa ajili ya vitambulisho. Sitadanganya kwamba niliifuata kazi tu, niliufuata umbali. Mwenye Studio aliniazima kamera ya macho mawili, nami nikaondoka na kopo langu la mchele. Mkuu wangu huko tulimwita Afande wa Usajili, mtu asiyependa maneno. "Mpiga picha, nataka nyuso na masikio yote mawili," alisema. "Tabasamu apelekewe mama yake." Nilijifunza kupanga watu mstari mmoja, kutumia shuka jeupe kurudisha mwanga upande wa giza, na kupoza dawa kwa maji ya mtungi, maana dawa ikipata joto la bonde filamu hutoka nyeusi kama mkaa.

Chita hakuna aliyemjua Adelina, na tuliishi vizuri. Hatukujaliwa watoto. Lakini kila mwaka siku ya kuwaombea marehemu wote, tukitoka kanisani, aliniuliza swali moja. "Umeshawaambia?" Nami nilijibu nitakwenda. Mwaka mmoja alisimama njiani akaniambia, "Utakwenda lini, nikishakuwa nimekaa pale kweli?"

Tuliporudi Ifakara na kujenga mtaa wa Viwanja Sitini, kazi ilikuwa inakufa. Picha za rangi zilisafishwa kwa mashine, kisha zikaja simu. Fundi Mkuu alifariki. Mwenye Studio, naye mzee, aliuza vitu vyake kimoja kimoja, na kamera niliyomrudishia ikaenda pamoja na viti. Mimi nilirudi kwenye mpunga.

Adelina aliugua muda mfupi. Siku ya mazishi mpwa wangu aliniomba picha ya kuweka juu ya jeneza. Nilitoa kitambulisho chake. Picha ile ni ndogo kama ukucha, na uso ulio ndani yake unaweza kuwa wa mwanamke yeyote wa Tanzania. Waliikuza, ikawa madoa. Nilikaa pale mbele ya watu, mpiga picha mzee wa mji, na mke wangu hana uso.

Siku ya arobaini ilipopita nilipanda basi, nikashuka Kiberege.

Sabina alikuwa bibi sasa, ameketi barazani anapepeta mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kiti. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliiona picha ile ukutani, ndani ya fremu ya mbao, imewekewa ua la karatasi. Sikuweza kuondoa macho.

"Umemwona mgeni wa mama," alisema. "Watu wote humwangalia hivyo."

"Dada, mimi ndiye niliyepiga picha ile. Huyo si mgeni wa mama. Ni mke wangu. Alikuwa hai, ameketi mlangoni kwangu Ifakara, nami nikamwambia anitazame. Nilisahau kuzungusha filamu, wakaingia wote wawili mahali pamoja. Uliponiuliza kama nilimwona nilikuficha."

Ungo ulisimama. "Na sasa umekuja kwa nini?"

"Amefariki. Sina sura yake. Naomba nikae na picha hiyo, au niinakili."

"Kwa hiyo miaka yote hii ulinyamaza, na leo umekuja kumnyang'anya mama mtu wake." Hakupaza sauti. "Mjukuu wangu alitaka kuipiga kwa simu nikamkatalia. Ikiingia kwenye simu itazunguka mpaka kwa wasiomjua. Na wewe unataka nikuamini kwa mdomo tu?"

"Utakavyo, dada."

"Kama ni kamera iliyofanya hivyo, ilete kamera hiyo hiyo. Ifanye tena, hapa, mimi nikiona. Ikishindwa, usirudi."

Niliitafuta kwa wiki mbili. Niliikuta hapa hapa Viwanja Sitini, kwa muuza vitu vilivyotumika, juu ya redio mbovu. Niliijua kwa kiraka cha ngozi nilichokibandika mwenyewe Chita.

"Mzee, hiyo ni pambo," muuzaji alisema. "Haipigi. Imeshindikana."

"Umeijaribu?"

"Nimebonyeza kila kitu isipokuwa kengele ya mlango."

Ninyi mnaonunua kamera za mkono wa pili, sikilizeni nilivyofanya, na msikurupuke. Kwanza sikuifungua mgongo juani. Niliifungua chini ya blanketi nene, nikipapasa kwa vidole, maana huenda mwenyewe ameacha filamu ndani na mwanga wa mara moja ungeiua. Haikuwa na kitu. Kisha, mgongo ukiwa wazi, niliielekeza angani na kubonyeza huku nikichungulia kwa nyuma. Shata haikufunguka. Mafuta ya zamani huganda kwenye vibati vyake yakawa gundi. Nilifungua lenzi ya mbele, nikaloweka ncha ya pamba katika petroli ya kibiriti cha kujaza, nikavigusa vibati kidogo kidogo, nikaacha vikauke, nikarudia siku tatu. Siku ya tatu vilifunguka, vikafunga. Mwendo wa polepole ulikuwa bado unachelewa. Sikuulazimisha, niliupima kwa kuhesabu kimoyomoyo, nikajua nusu sekunde yake sasa ni sekunde nzima.

Ukungu wa lenzi niliufuta kwa dawa ya vidonda inayotoa povu, kwa pamba mpya kila mara, kutoka katikati kwenda nje. Kioo cha ndani sikukisugua, kwa sababu rangi yake ya fedha iko juu na hubanduka, nilikipuliza tu. Kwenye ukingo wa mlango wa nyuma uzi wa kuzuia mwanga ulikuwa umeoza, nikabandika sufi nyeusi niliyoitoa kwenye sweta la Adelina. Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam alinitafutia filamu mbili, karatasi kidogo na dawa. Ya kwanza niliijaribia kwenye ndizi za jirani. Zilitoka. Kitufe bado kilikuwa kinalia, kri, kri, na mafuta niliyokuwa nayo sikukitia.

Nilirudi Kiberege asubuhi. Sabina aliitoa picha ukutani mwenyewe, akaivua kioo, tukaiegemeza nje kivulini juu ya blanketi jeusi. Kamera hii haioni vizuri vitu vya karibu, kwa hiyo nilichukua miwani yangu ya kusomea. Niliweka kioo chake mbele ya jicho la juu nikalenga, kisha nikakihamishia jicho la chini na kuinua kamera juu kwa umbali ule ulio kati ya macho mawili. Fremu ya kwanza ilikuwa yangu: Bibi Matilda na Adelina. Nilipiga, nikazungusha, nikamwonyesha namba mbili kwenye kidirisha chekundu.

"Sasa tazama. Hii ya pili napiga picha ile ile tena, ila nusu ya mwanga, ili ibaki nafasi." Nilibonyeza. "Sikuzungusha. Soma."

"Mbili," alisema.

"Sasa kaa wewe kwenye kigoda, mbele ya blanketi."

Alikaa. Alivaa vazi lake la kanisani. Niliiondoa miwani kwenye lenzi, nikamtazama katika kioo kinachogeuza, na safari hii sikumwambia atazame wapi. Nikabonyeza. Halafu nikazungusha, na ile sauti ikalia uani, na Sabina akafunga macho mpaka ilipoisha.

Hakukubali niondoke na filamu. "Isafishe hapa. Nisije nikaletewa kitu cha dukani." Kuiingiza filamu kwenye tangi la kusafishia kunataka giza kamili, hivyo tuliziba stoo yake ya mpunga kwa magunia, mchana kweupe, na yeye akaingia pamoja nami akafunga mlango. Ndani hapakuonekana hata mkono. Nilikuwa napapasa filamu niitenganishe na karatasi yake, nasikia pumzi yake na mpunga ukiporomoka kidogo mahali fulani.

"Mpiga picha," alisema gizani.

"Naam, dada."

"Siku ile gulioni nilimshika mkono. Alikuwa na joto."

Filamu ilikuwa inazunguka vidoleni mwangu.

"Alikuwa na joto kama mtu aliyetembea juani. Nikajua ni mtu. Nikakataa kujua, kwa sababu nyumbani kwangu mama alikuwa na mwenzake. Halafu yule mzee akafa, watu wakasema, na mimi sikuwakataza." Nikamsikia akisogea karibu. "Alikwambia nilimwuliza nini?"

"Aliniambia."

"Alilia?"

"Alirudi na kikapu kitupu."

Nikafunga tangi. Nikasema sasa anaweza kufungua mlango, lakini hakufungua mara moja. Tulisimama pale, wazee wawili, na nilipata hisia kwamba pumzi ninazozihesabu si mbili. Sisemi zilikuwa ngapi. Nasema nilihesabu, nikaacha kuhesabu.

Baada ya dawa na maji, tuliitundika filamu kwenye kamba ya nguo. Katika filamu mambo ni kinyume: nyeusi ni nyeupe, nyuso ni giza, nywele zinang'aa. Nilimpa Sabina lenzi ya kukuzia. Fremu ya pili ilikuwa safi kuliko nilivyotumaini. Bibi Matilda amelala, Adelina ameketi ukingoni, na mbele yao, mbao na sanda vikionekana kupitia kifua chake, ameketi Sabina.

Aliishika kwa ncha za vidole muda mrefu. "Ni kamera," alisema mwisho. "Nimekubali. Ni kamera iliyowaweka pamoja." Kisha akaiinua tena kwenye mwanga. "Na macho je? Ulimwambia akutazame wewe."

"Ndiyo."

"Mbona anamtazama mama?"

"Hilo sijui, dada."

Alinipa filamu. Alisema Jumapili atasimama baada ya ibada awaambie watu jina la mwanamke yule, na akaniomba nilitamke taratibu alishike. Adelina. Alilirudia mara mbili. Ile ya ukutani haikuondoka Kiberege, wala sikuiomba tena.

Nyumbani sina mashine ya kukuzia. Nililaza filamu juu ya karatasi, nikaweka kioo juu yake, nikawasha taa kwa kuhesabu hadi tano. Picha inatoka ndogo, sawa na filamu yenyewe, lakini imekolea. Za Sabina, nakala tatu za fremu ya pili, nilimpelekea. Yangu moja, ya fremu ya kwanza, nilitaka kuikata nibaki na Adelina peke yake. Nilishika mkasi. Haikuwezekana, mkono wake uko juu ya mikono ya Bibi Matilda, na mahali uso wake unapoanza ndipo sanda inapoishia. Kumtoa mmoja ni kumkata mwingine. Nikarudisha mkasi.

Sasa nimestaafu kwelikweli. Kamera imelala kwenye kopo lake, na Jumatatu naanika mchele. Picha iko ukutani mkabala na kitanda. Sikuzoea kulala na mtu nisiyemjua ndani ya nyumba, na siku za mwanzo niliigeuza. Siku hizi siigeuzi. Asubuhi nikifungua dirisha na mwanga ukiwafikia, naanza na mkubwa. "Shikamoo, Bibi," nasema, nangoja kidogo. Kisha namsalimia mke wangu.